Je, Wajua? Neno Endeavour na Deni Lililomo Ndani Yake

Je, wajua kwamba endeavour, neno la Kiingereza la kujitahidi, lina undugu na deni? Waingereza wa zamani walichukua devoir ya Kifaransa, yaani wajibu, wakawa wanasema mtu kajitia katika devoir, hadi maneno hayo yakashikana kuwa moja. Devoir nayo ilitoka Kilatini, katika debere, kudaiwa. Jitihada yetu sisi ilitoka Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na juhudi.

Je, wajua linapatikana wapi zaidi? Nyumbani Mwingereza husema try. Endeavour ni la barua za ofisi, hotuba na mikataba, na kwenye mkataba lisome polepole. Katika sheria ya Uingereza, aliyeahidi best endeavours kwa kawaida amejifunga zaidi kuliko aliyeahidi reasonable endeavours. Wa kwanza anaweza kutakiwa hata atoe fedha zake. Wa pili kwa kawaida halazimiki kuumiza biashara yake. Lakini wote wawili wameahidi bidii tu, si mafanikio. Mikataba mingi ya Afrika Mashariki huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nasema wazi: ukitaka nyumba ikamilike tarehe fulani, usikubali kuandikiwa endeavours.

Wajua Wamarekani huliandika bila u? Hata hivyo, chombo cha anga cha NASA chenye jina hili kina u, kwa heshima ya meli ya nahodha Mwingereza James Cook iliyong'oa nanga Plymouth mwaka 1768. Meli hiyo iliundwa kubeba makaa ya mawe, na jina lake la kwanza lilikuwa Earl of Pembroke.

Wajua nani alipanda chombo hicho Septemba 1992? Dk. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika angani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha alizojifunza.

Na wajua ni nani waliokipa jina? Wanafunzi wa Marekani, kupitia mashindano ya nchi nzima. Kilijengwa kuziba pengo la chombo kingine cha NASA, Challenger, kilichosambaratika angani Januari 1986 na kuua watu 7, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe. Mwalimu wa akiba, aliyeandaliwa kuchukua nafasi yake ikibidi, alikuwa Barbara Morgan. Alirudi darasani kufundisha, baadaye akafuzu kuwa mwanaanga kamili, akasubiri zamu yake. Zamu ilifika Agosti 2007, miaka 21 baada ya ajali, na chombo alichopangiwa kilikuwa Endeavour. Kabla ya safari hiyo, bango la kukitakia heri lilitundikwa kwenye uwanja wa kurushia likiwa limekosa u, ikabidi libadilishwe. Morgan aliruka salama, na akiwa angani akajibu maswali ya watoto waliokusanyika Boise, Idaho, jimbo alimokuwa akifundisha.