Bustani ya Nyumbani Kabla ya Mvua za Vuli

Ni Bwana Shamba wenu tena. Leo sikuleta habari za pamba wala za mahindi. Nimeleta habari za kile kipande kidogo nyuma ya jiko, pale kuku wanapochakura na mama anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Hapo ndipo inapotoka mboga ya kila siku, na pasipotoka kitu, mboga hiyo hununuliwa sokoni kwa fedha ambayo ingenunua daftari la mtoto.

Tuseme sasa ni Septemba. Kwetu huku chini ya milima ya Uluguru, na kule Tanga na Pwani, na kwingine kunakopata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli huingia Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Wengi wetu tunangoja tone la kwanza ndipo tuulize, "Jembe liko wapi?" Hebu tuhesabu pamoja. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5. Ukisia mbegu siku ile mvua inapoanza, utakapopandikiza, vuli imekwisha nusu. Nyanya zinaanza kubeba, mvua imekatika, na kisima kimeanza kushuka. Kwa hiyo kazi ya bustani ya vuli ni ya sasa hivi, jua likiwa bado kali.

Anza na samadi, kwa sababu haikubali kuharakishwa. Samadi mbichi iliyotoka zizini jana huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Inatakiwa ile iliyooza, nyeusi, inayomong'onyoka mkononi na isiyonuka. Kama huna ng'ombe wala mbuzi, lundika mboji: majani makavu, majani mabichi, majivu kidogo, takataka za jikoni, na udongo kidogo katikati ya tabaka na tabaka. Nyunyizia maji, funika kwa majani ya mgomba, kisha chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, mboji inapikika. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Pindua kila wiki 3. Mboji ya leo haitawahi kupandia vuli hii, hilo nakuambia wazi, lakini itakukuta tayari wakati wa masika. Kwa sasa tumia samadi ya zamani, au uombe kwa jirani mwenye zizi. Debe 1 linatosha hatua 3 za tuta lenye upana wa mita 1. Mbolea ya kuku ina nguvu zaidi, weka nusu ya hapo.

Sasa mbegu. Kabla ya kuzitia ardhini zijaribu, maana mbegu iliyokaa juu ya dari mwaka mzima karibu na moshi huenda imekufa. Chukua mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa kivuli, kitambaa kisikauke. Baada ya wiki moja fungua uhesabu. Zikiota 16 au zaidi, hiyo ni mbegu. Zisipofika 10, usijisumbue nayo, tafuta nyingine. Na ile nyanya nzuri ya chotara uliyoinunua dukani, usikamue mbegu zake ukategemea kupata nyanya kama mama yake. Zitatoka za kila namna. Mbegu za mchicha, mnafu na bamia za kienyeji, hizo jiwekee mwenyewe.

Kitalu kiwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Kwa kuwa bado ni kiangazi usikiinue sana, sentimita 10 zinatosha, maana tuta refu hukauka upesi. Lainisha udongo, toa mawe, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, usie mbegu moja moja kwa kina cha sentimita 1. Hapa ndipo akina mama wengi wananiudhi, samahani kwa kusema hivyo. Wanamwaga mbegu kama wanatia chumvi kwenye mchuzi. Miche inaota imebanana, hewa haipiti, na siku moja asubuhi unakuta imelala chini, shina limenywea pale linapogusana na udongo. Watu husema imerogwa. Ule ni ugonjwa wa kinyausi, unaletwa na vijidudu vya ukungu vilivyomo udongoni, navyo hupenda msongamano na maji mengi. Ukiuona, punguza miche na upunguze maji, na umwagilie asubuhi badala ya magharibi ili kitalu kisilale na unyevu. Mche ulioanguka hauinuki; ung'oe.

Funika kitalu kwa nyasi kavu, na nyasi hizo uziondoe mara tu miche inapochungulia. Usipoziondoa, miche itarefuka kutafuta mwanga na kuwa mirembamba kama uzi. Halafu jenga kichanja cha kimo cha mita 1 juu yake, uezeke kwa makuti au nyasi, jua la mchana lisiichome. Zikibaki siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, punguza kivuli kidogo kidogo, na maji vilevile, miche izoee taabu ya bustanini. Kopo la rangi ya zamani lililooshwa vizuri na kutobolewa matundu kwa msumari linamwagilia sawasawa na lile la dukani.

Wakati miche inakua, wewe amua itahamia wapi. Hili jambo nataka mlisikilize kwa makini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitembelea mama mmoja ambaye nyanya zake zilikuwa zinanyauka mchana, majani yakiwa bado ya kijani, jioni zinaonekana kama zimepona, na baada ya siku chache zinakufa kabisa. Ilikuwa mara ya tatu, na mara zote mahali palepale. Mbegu za mara ile alizinunua kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa sare ya shule. Nami, kwa ugeni wangu, nikamwambia aongeze maji. Akaongeza. Zikafa zote, na zile za tuta la chini ambazo zilikuwa nzima zikafuata.

Kile hakikuwa kiu. Kilikuwa mnyauko wa bakteria, na yale maji niliyomwagiza ndiyo yaliyoubeba ugonjwa kuupeleka tuta la chini. Kuutambua hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi, ukae ukitazama kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye lile jeraha, ndio huo. Dawa ya kuuponya hakuna, na asikudanganye mtu wa kukuuzia kichupa. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi, uchome, na jembe lioshwe kabla halijaingia tuta lingine.

Mahali hapo usirudishe nyanya kwa miaka 3 hivi. Wala biringanya, nyanya chungu, pilipili au viazi mviringo, kwa sababu hao wote ni ukoo mmoja na nyanya. Mnafu nao ni wa ukoo huohuo, ingawa watu wengi hawaujui undugu wao, wanang'oa nyanya na kuweka mnafu wakidhani wamebadilisha zao. Panda mahindi, vitunguu au kabichi. Yule mama alihamishia nyanya upande wa juu wa nyumba, na pale pa zamani akaweka vitunguu. Hakunilaumu, lakini tangu siku ile sitoi shauri la mmea unaonyauka kabla sijaomba glasi ya maji.

Katika kusafisha bustani, mabaki ya nyanya za msimu uliopita yasiachwe yakining'inia kwenye fito. Kuna mdudu tunayemwita kantangaze, aliyeonekana nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hupita ndani ya jani akiacha madoa meupe, kisha hutoboa tunda. Hujificha katika mabaki hayo akisubiri miche yako mipya. Yachome au uyafukie chini sana.

Lima matuta ya bustani wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza, uyaache wazi. Kuku na ndege watakusaidia kuokota sota, wale viwavi wanene wanaokata mche usiku ukaukuta umelala asubuhi. Ukikuta mche umekatwa, fukua taratibu kuuzunguka, utamkuta mwenyewe amejikunja humo humo. Ukishapanda, kuku wafungiwe.

Mchicha hauna haja ya kitalu. Unaweza kuumwaga leo kwenye tuta moja karibu na maji, na baada ya wiki 3 au 4 mnakula. Matembele nayo panda vipande vya shina pale maji ya jikoni yanapopita.

Wiki ijayo tutazungumzia kupandikiza, nafasi kati ya mche na mche, na matandazo. Mwenye swali amwone Bwana au Bibi Shamba wa kata yake, na kama ni la mmea unaonyauka, aende na kipande cha shina. Kwaherini.