KWA NINI UJI WA KUZIBIA GESI MGODINI UWE MZITO

Kila mama wa Kibirichia ajua kwamba kibuyu chenye ufa huvujisha uji mwepesi, lakini uji mzito hukwama katika ufa na kuuziba. Jambo hilo hilo huokoa maisha ya wachimbaji wa makaa ya mawe, mali ambayo ilianza kutafutwa kwa bidii mwaka 1999 katika bonde la Mui, huko Kitui.

Ndani ya makaa ya mawe mna gesi iwakayo, iitwayo methani. Ikisongamana sana huweza kupasua mwamba ghafula na kuwafunika watu. Ndivyo ilivyotokea tarehe 20 Oktoba 2004 katika mgodi wa Daping, China. Gesi iliyofumuka ililipuka, na watu 148 wakafa.

Kwa hiyo mafundi hupima kwanza msukumo wa gesi. Hutoboa shimo jembamba mpaka kwenye makaa, na kutia bomba lenye kipimo nje. Kisha huziba shimo kwa mipira miwili inayovimba, na kati ya mipira hiyo husukuma uji mzito kwa nguvu ipitayo ile ya gesi. Uji huingia katika nyufa za mwamba na kuifungia gesi njia. Huko China, msukumo wa megapaskali 0.74, yaani zaidi ya mara saba ya ule wa hewa ya kawaida, ni dalili moja ya hatari.

Uji ukiwa mwepesi, hukimbilia nyufani na kupotea. Gesi huvuja, na kipimo huonyesha msukumo mdogo kuliko ulio kweli. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa maana watu huingia wakidhani pana salama.

Joto la chini ya ardhi hulegeza uji, na maji ya mwambani huuzimua. Basi unga wake hupimwa sawasawa, hukorogwa, na kuachwa uvimbe kabla ya kutumiwa. Wachimbaji wa visima huupima uji wao wa udongo kwa faneli: maji safi, karibu lita moja, hupita kwa sekunde 26, uji mzito hukawia zaidi. Lakini usizidi kiasi, usije ukashindwa kupita bombani wala kuingia nyufani.

Fundi mwema hupima uji wake kwanza, ndipo akaamini kipimo cha gesi.