Usanifu na Viendelezi katika Lugha ya Haskell

Sokoni Kailo Kingwana chatosha. Waraka uendao Zanzibar wadai Kiswahili sanifu. Lugha ya programu ya Haskell inayo hali kama hiyo. Kanuni zake sanifu za mwisho ni Haskell 2010, lakini kompaila ya GHC huongeza viendelezi vyake, vinavyotangazwa mwanzoni mwa faili. MultiParamTypeClasses, kwa mfano, huwezesha darasa moja kuhusisha aina mbili za data, jambo ambalo kanuni hizo haziruhusu. Kompaila isiyokijua kiendelezi huikataa programu. Hata hivyo washindani wa GHC ni wachache: Hugs, iliyotumiwa sana vyuoni, haikutoa toleo jipya baada ya 2006. Kiendelezi cha namna hiyo chastahili gharama. LambdaCase, kinachopunguza herufi tu, hakistahili.