Kamera Inayouguzwa Angani

Ukiona picha ya galaksi iliyopigwa na darubini ya anga za juu ya Hubble, ni rahisi kudhani ilishuka ikiwa hivyo hivyo. La hasha. Huwasili ikiwa haina rangi, imejaa michirizi na madoa. Chukua kamera ya Hubble iitwayo ACS, iliyofikishwa huko na chombo cha anga cha Columbia mwezi Machi 2002.

Sehemu yake ya picha pana ina vitambuzi viwili vya silikoni, jumla ya pikseli milioni 16 hivi. Nuru ikigonga pikseli, elektroni hung'oka na kukusanyika humo. Kisha husogezwa safu kwa safu hadi ukingoni zikahesabiwe, kama vibarua wanavyopokezana karai za zege.

Safari hiyo ndiyo yenye mashaka. Juu ya Atlantiki ya Kusini, uga wa sumaku wa Dunia ni dhaifu, na protoni huishukia Hubble kwa wingi. Zikiivuruga silikoni, huacha mitego midogo. Elektroni zikinaswa humo huachiliwa zimechelewa, na nyota huota mkia. Pikseli nyingine hung'aa hata pasipo nuru yoyote.

Tiba zipo. Vitambuzi hufanya kazi kwenye baridi ya takriban nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Kila mwezi huachwa vipate joto, na pikseli nyingi zinazong'aa ovyo hutulia. Mitego haiponi kwa njia hiyo, kwa hiyo programu huku chini hukadiria elektroni zilizochelewa na kuzirudisha mahali pake. Michirizi ya miale ya kosmiki hufutwa kwa kupiga eneo moja mara kadhaa: kinachoonekana mara moja tu si nyota. Rangi huundwa mwishoni, kwa kuunganisha picha zilizopigwa kupitia vichujio tofauti.

Uangalifu huo si urembo. Kati ya 2003 na 2004, ACS ilikusanya nuru ya kipande kidogo cha anga kwa takriban sekunde milioni 1, zikaonekana galaksi zipatazo 10,000. Zile hafifu kabisa zilileta fotoni moja hivi kwa dakika. Kwa mapato hayo, hata elektroni chache zikipotea ni hasara.

Mwaka 2007 hitilafu ya umeme iliizima karibu kamera nzima. Mei 2009 wanaanga John Grunsfeld na Drew Feustel walifungua skrubu 32 na kubadilisha bodi nne za elektroniki. Picha pana zikarudi. Sehemu yenye uwezo wa kuona vitu kwa undani zaidi haikufufuka. Vyombo vilivyowabeba mafundi hao vilistaafu 2011. Tangu hapo ACS hutibiwa kwa joto, kwa amri zinazotumwa kutoka duniani, na kwa hesabu tu.