Gari Lililopewa Jina la Roho

Jina jema hung'aa gizani, wasema wahenga. Katika magari yote yaliyopita barabarani mwetu, sijui jingine lililopata jina jema kuliko lile gari dogo la Kifaransa, Renault 4, ambalo hapa Kenya lilijulikana kama Renault Roho. Wafaransa wenyewe waliliita 4L, na kwa lugha yao tamko hilo lashabihi "mabawa manne". Wao walilipa mabawa, sisi tukalipa roho. Natutazame kama lilistahili.

Gari hili lilitolewa mwaka 1961. Wakati huo wakulima wengi wa Ufaransa walikuwa wakihamia mijini, na Pierre Dreyfus, mkuu wa kampuni ya Renault, alitaka gari moja litakalomfaa mtu wa shamba na wa mjini, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Alilifananisha na suruali ya jinzi, nguo ambayo tajiri na maskini huivaa bila kuulizana.

Basi mafundi wakaanza na haja za watu, sura ikafuata nyuma. Injini iliendesha magurudumu ya mbele, kwa hivyo sakafu ikabaki bapa. Nyuma wakatia mlango mkubwa ufungukao kwenda juu. Kiti cha nyuma kiliweza kutolewa, na gari lililobeba watoto jana, leo likabeba magunia. Maji ya kupoza injini yalifungiwa ndani, mwenye gari asihangaike na kuyaongeza kila mara.

Tena lina ajabu moja. Ukipima kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa karibu sentimita 5. Sisi watu wa mashairi tungesema mizani imepotoka! Kumbe vile vyuma vya springi za nyuma vilikingamishwa chini ya sakafu, kimoja mbele ya mwenziwe, ili watu na mizigo wapate nafasi. Mafundi waliridhia kasoro ya sura kwa ajili ya faida ya abiria.

Na dogo hilo halikuwa dhaifu. Mwaka 1980 ndugu wawili, Claude na Bernard Marreau, waliingia na Renault 4 iliyoongezwa nguvu katika mashindano ya Paris hadi Dakar, wakavuka Sahara na kushika nafasi ya tatu upande wa magari. Hadi lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1994, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 8.

Nayasema haya kwa kuwa naona siku hizi gari limekuwa kipimo cha mtu. Arusini, mwenye gari kubwa hupishwa mbele hata kama ana deni shingoni. Aliyekuja na kuukuu lake, akiwa amewabeba wazee wanne wa mtaa, huambiwa akaegeshe mbali. Dini yetu yatuonya juu ya israfu na kibri, nasi twavipigia vigelegele.

Mwaka 2024 Renault walionyesha Renault 4 mpya, ya umeme. Sura ya zamani wameikumbuka. Jina la Roho, hata hivyo, lataka kuchumwa upya, nalo huchumwa kwa kubeba watu na magunia yao.