Fundi alipwe kwa kuosha, si kwa kuwasha

Masika yakifika na Mto Msimbazi kuvuka kingo zake, nyumba za Jangwani, Kigogo na Mchikichini hutoa mzigo ule ule kwenda kwa mafundi: runinga, ving'amuzi, sabufa, feni, friji na simu zilizolowa. Soko kubwa la ufundi na spea halipo mbali, kwa kuwa Kariakoo inapakana na bonde lenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na ni haki kwamba taarifa za maafa huanza na vifo, kisha nyumba na barabara. Lakini kwa kaya ya kipato cha chini, friji na runinga mara nyingi ndiyo mali ya thamani kuliko zote zilizomo ndani, na pengine bado zinalipiwa kwa awamu. Sehemu kubwa ya mali hiyo ingeweza kuokolewa, na kinachoizuia ni mtindo wa malipo kuliko uhaba wa ujuzi. Fundi wa kwetu hulipwa kifaa kikiwaka, kisipowaka anaambulia patupu. Malipo ya namna hiyo yanamsukuma awahi kuwasha, na kuwahi kuwasha ndiko kunakoua kifaa.

Maji peke yake huharibu polepole. Maji ya mafuriko yamebeba chumvi, tope na maji taka, kwa hiyo yanapitisha umeme vizuri. Bodi yenye maji hayo ikipewa umeme, mkondo hupita pasipotakiwa, madini ya mguu mmoja wa chipu yakaliwa na kuhamia mguu wa pili, na ukoko wa kijani ukaanza kuota. Kazi ambayo kutu ingeifanya kwa siku kadhaa, umeme huikamilisha ndani ya dakika chache. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kukata umeme na kutoa betri, na la pili ni kuosha kabla uchafu haujakauka. Wengi wetu tunaanza na jua. Jua linaondoa maji na kuacha chumvi palepale, ikisubiri unyevu wa kesho. Mchele nao hauna miujiza: mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wasifukie simu ndani yake, kwa sababu chembe zake zinaweza kuidhuru.

Kazi yenyewe, ikifanywa ipasavyo, ni ya kutulia. Fundi hufungua kifaa, huhakikisha kapasita kubwa za pawa saplai hazina chaji, kisha huitoa bodi na kuisuuza kwa maji safi hadi tope lote liondoke. Baada ya hapo huisugua taratibu kwa mswaki laini na spiriti kali, hasa chini ya chipu na kapasita, mahali ambapo maji hujificha na jicho halifiki. Huiacha ikauke kabisa, huipima kwa mita kutafuta shoti, na anapoiwasha mara ya kwanza huipitishia umeme kwenye balbu ya zamani ya waya iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu iking'aa kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, na bodi imenusurika kwa kuwa balbu imebeba mzigo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kazi inaweza kuendelea. Vifaa vyote hivyo havihitaji mtaji mkubwa. Kilicho ghali ni saa za fundi, na hizo ndizo ambazo hakuna anayezilipia.

Pamoja na mikono, mteja anahitaji uamuzi wa fundi. Feni na blenda nyingi hupona, mradi koili zao zikauke vya kutosha. Kompresa ya friji imefungwa kabisa na maji hayaiingii kirahisi, kwa hiyo shida huwa kwenye rilei, temostati na sponji ya kuta, ambayo hunywa maji machafu na kuyatunza. Bodi na transfoma ya sabufa huokoka, lakini boksi lake la mbao za kusaga huvimba. Runinga bapa ndiyo yenye habari mbaya: maji hupanda kati ya karatasi za nyuma ya kioo, na kioo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei. Betri ya lithiamu iliyozama haifai kufufuliwa. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yaliwaka moto baadaye. Fundi anayetamka mapema kwamba hiki hakifai amemwokolea mteja fedha, ila kwa utaratibu wa sasa amejinyima riziki.

Tupige hesabu ya mfano tu. Runinga ina thamani ya shilingi 400,000, na fundi anatoza 20,000 ya kufungua, kuosha na kupima, iwake isiwake. Hata kama nafasi ya kupona ni moja katika kumi, mteja ananunua kwa 20,000 tumaini lenye thamani ya 40,000. Fundi akipokea vifaa vitano vya aina hiyo kwa siku, ana 100,000 bila kumdanganya mtu. Leo analazimika kufidia saa alizopoteza kwa vilivyokufa kwa kuwatoza zaidi wenye vilivyopona, au kwa kubadilisha spea ambayo haikuwa mbovu. Sifa ya fundi mwongo tunayoilalamikia kila siku imeanzia hapo.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba aliyefurikiwa hana fedha ya kulipia matokeo yasiyo na uhakika. Kweli, lakini si yeye peke yake mwenye maslahi. Muuza runinga kwa awamu anataka mteja aendelee kulipa, kikoba kilichokopesha kwa dhamana ya friji kinataka friji ipone, na kwa kampuni ya bima ada ya kuosha ni ndogo kuliko fidia ya kifaa kipya. La pili ni kwamba vifaa vipya vimeshuka bei. Kwa birika au waya wa ekstensheni hoja hiyo inatosha, na ekstensheni iliyozama haifai kurudishwa ukutani. Kwa friji haitoshi. Tena kila kinachotupwa kina pa kwenda: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na barani Afrika chini ya asilimia 1 ndiyo inayokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kifaa kilichooshwa kinaweza kufa baada ya miezi mitatu, au kumpiga mtu shoti. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kudai maandishi: tarehe, kilichooshwa, kilichobadilishwa, vipimo na siku za dhamana. Waranti ya kiwandani kwa kawaida haigusi madhara ya maji, hata kwa simu zinazosifiwa kuyahimili, na ndani ya nyingi kuna stika inayobadilika kuwa nyekundu ili kumuumbua mwenye simu. Kwa hiyo dhamana pekee anayoweza kuitarajia mteja ni ya fundi. Wapo pia wanaosema soko hili la vifaa vilivyolowa litakwisha, kwa kuwa Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya kudhibiti mafuriko katika Bonde la Msimbazi. Heri ipungue idadi ya nyumba zinazozama. Lakini paa zitavuja, mabomba yatapasuka, na chai itaendelea kumwagikia kompyuta.

Fani hii haihitaji kiwanda wala sheria mpya ili ianze kubadilika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inapima na kutambua ujuzi uliopatikana mtaani, na uoshaji wa bodi unaweza kuwa sehemu ya kipimo hicho. Wauzaji wa runinga kwa awamu wanaweza kuingia mkataba na mafundi kabla ya masika. Na mafundi wenyewe wanaweza kubandika kibandani karatasi moja yenye ada ya kuosha, ada ya kupima, siku za dhamana na onyo kwa mteja: usiwashe, lete kikiwa kimelowa. Mteja akizoea kulipia jibu la kweli, hata liwe baya, fundi mwaminifu hatakuwa tena anayepata hasara kuliko wenzake.