Je, Wajua? Kajiado Ilipikwa Motoni

Ukitoka Kitengela Jumamosi kwenda kunyoosha miguu, njia nyingi za Kajiado zitakupitisha juu ya mawe yaliyowahi kutiririka. Haya hapa mambo machache ya kuwasimulia wenzako garini.

Milima ya Ngong ni nusu tu ya mlima

Ile migongo inayoonekana kutoka Rongai na Karen ni mabaki ya volkeno iliyowaka zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Nusu ya magharibi haipo: Bonde la Ufa lilipopanuka, ardhi ilikatika ikazama nayo. Ndiyo sababu unapanda kutoka mji wa Ngong kwa mteremko wa kuvumilika, unafika juu, mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, na ghafla mbele yako hakuna mlima tena. Ziwa Magadi, kule chini kabisa, liko kwenye mita 600 hivi. Tofauti hiyo ni majengo 17 ya KICC yaliyopandana! Upepo unaoparamia ukingo huo KenGen wanauvuna: mitambo ya kwanza ilisimamishwa 1993, na leo uwezo wa mitambo iliyopo ni megawati 25.5. Shika kofia.

Suswa ina volkeno ndani ya volkeno

Mpakani mwa Kajiado na Narok, mlima huu wa mita 2,356 uliporomoka mara mbili. Mara ya kwanza uliacha kaldera yenye urefu wa takriban kilomita 12. Mara ya pili ikatokea nyingine ndani yake, ya kipenyo cha karibu kilomita 5, na humo mna handaki lenye kuta za kutisha linalozunguka kisiwa cha mwamba kilichovaa msitu. Ukiwa ukingoni unakiona kisiwa hicho vizuri kabisa. Kukifikia ni shughuli nyingine. Mimi nikiulizwa kitu cha ajabu kuliko vyote huku kwetu, tembo wa Amboseli wanisamehe, nitalitaja handaki hili.

Chini ya miguu yako kuna mzingile

Mapango ya Suswa hayakuchimbwa na maji wala na mtu, yalichimbwa na lava. Mto wa lava huganda juu kwanza, kama uji unavyofanya utando, huku ndani ukiendelea kukimbia. Lava ikiisha, unabaki mtaro mtupu. Paa likianguka hapa na pale, ndipo panapopatikana mlango. Mitaro hiyo inagawanyika na kupishana gizani, na popo wamejaa tele, kwa hiyo usiingie bila kiongozi wa Kimaasai na tochi ya akiba.

Nyani nao hulala mapangoni

Jioni makundi ya nyani huteremka kwenye mapango ya Suswa kulala juu ya miamba, na wenyeji wamelibatiza pango lao mojawapo "bunge". Ungedhani humo ni salama. Bahati mbaya, chui pia hupenda mapango: mabaki ya chakula chao yalichunguzwa humo miaka ya 1960, na mifupa ya nyani ilikuwemo.

Huko huko Suswa, watu hunywa pumzi ya volkeno

Mlimani hakuna mto, lakini nyufa bado zinatoa mvuke. Wamaasai huutega kwa mabomba, unapoa, unadondoka ukiwa maji, na ndoo inajaa tone kwa tone.

California mzingile waliupanga kwa mkono

Mzingile wa Suswa una mwenzake wa mbali: katika hifadhi ya Sibley, milimani juu ya mji wa Oakland, kuna volkeno iliyozimika ya miaka milioni 10 hivi. Watu walichimba mawe humo, wakaacha mashimo, na baadaye wengine wakapanga mawe sakafuni yakawa mzingile wa kuzunguka kwa miguu. Mzingile wa namna hiyo hauna njia panda: njia ni moja, inajikunja mpaka katikati. Hupotei hata ukitaka. Jaribu kusema hivyo Suswa.

Kuna samaki anayeogelea kwenye magadi

Ziwa Magadi lina tabaka la magadi ambalo mahali pengine hufikia unene wa mita 40, yale yale tunayolainishia maharagwe. Pembeni, penye chemchemi za moto, anaishi perege mdogo anayestahimili maji ya nyuzi 40 na zaidi, makali yanayokaribia ya sabuni. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili ukiwa amonia. Maji haya hayaruhusu, kwa hiyo yeye hutoa urea, kama sisi. Na shehena inayochimbwa ziwani hapo tangu kampuni ilipoanzishwa 1911 huishia zaidi viwandani, hasa vya kioo. Dirisha lako huenda lina asili ya Kajiado.

Olorgesailie kulikuwa na karakana kabla hatujawa watu kamili

Kando ya barabara ya Magadi, ukishapita Kona Baridi na kuvua sweta, kuna uwanja uliotapakaa mashoka ya mawe. Mary na Louis Leakey waliyafukua miaka ya 1940 na mengi wakayaacha pale pale, leo unayapita juu kwa daraja la mbao. Yapo ya kujaza kiganja na yapo makubwa kiasi cha kukufanya ujiulize aliyeyashika alikuwa na mikono ya namna gani. Jiwe la kuyachongea lilitoka kwenye volkeno ya jirani. Lakini kubwa ni hili: miaka 320,000 iliyopita waliokaa hapo walikuwa tayari wanatumia obsidiani, kioo cheusi cha volkeno, iliyotoka umbali wa makumi ya kilomita. Wanasayansi wanaona humo dalili za mapema kabisa za watu kubadilishana mali na majirani.

Jirani yetu mmoja bado yuko macho

Ol Doinyo Lengai, ng'ambo ya mpaka karibu na Ziwa Natron, ndiyo volkeno pekee duniani inayojulikana sasa kutema lava ya kaboneti: nyeusi, nyepesi kama mafuta, ya nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Ikipoa hugeuka nyeupe. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo hilo, na Nairobi watu wakashuka ngazi mbio kutoka maofisini.